Namba Tatu Hajatolewa

Majina mawili ya kwanza yalipita bila ubishi. Wafunguaji wa mwaka ule, wapigaji wawili wanaoanza mchezo wa kriketi, mmoja wa Barbados na mwingine wa Jamaika, walikuwa wamejichagua wenyewe kwa mikimbio, yaani alama walizojikusanyia, na Waveney Adonis, mwanamke ambaye hakuwahi kukubali jambo kabla ya kulikataa kwanza, aliwaandika bila kuinua uso. Kisha Mwalimu Lynwood Cambridge akafika kwenye namba tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

Mahase Bisnauth alikuwa akitazama mikono yake. Alijua kwamba wenzake wanamngoja, na kwamba wanaepuka kumtazama kwa makusudi, kama watu wanavyojizuia kumtazama mtu aliyefunguka kifungo mbele za watu.

Kwa miaka mingi hawa watatu walikuwa na kazi hii moja. Ligi ya Karibi ya mechi za kriketi za siku nne ikifika katikati na timu zikapumzika, wao hukutana kwenye duka la ramu la Waveney, Kijiji Namba Hamsini na Mbili, pwani ya Corentyne nchini Guyana, wakachagua Kumi na Mmoja wa Nusu Msimu, timu ya wachezaji bora. Magazeti ya Georgetown nayo yalichagua yao, lakini timu za magazeti ziliishia kwenye karatasi. Timu ya dukani ilicheza. Kituo kidogo cha redio cha New Amsterdam kiliwapa saa moja kila jioni, moja kwa moja kutoka dukani, Alhamisi hadi Jumapili, na timu ya mwaka huu ikapambana na timu ya mwaka uliopita, mpira kwa mpira, bila uwanja na bila mpira.

Mechi iliendeshwa kwa domino. Waveney alikuwa na seti ya zamani ya mfupa, mali ya marehemu mumewe, nayo ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mahase alitia mkono bila kutazama, akachomoa kete moja. Nukta zake zilieleza mpigaji amepata mikimbio mingapi. Ile isiyo na nukta hata moja, kete tupu, maana yake ilikuwa mpigaji ametolewa. Waveney aliandika, kete ikarudi koponi, na Lynwood, kwa sauti ile ile aliyofundishia mpaka akastaafu, alikigeuza kile kipande cha mfupa kuwa vumbi, kofia inayopeperuka, na watu wanaosimama vitini. Vijiji vizima vilisikiliza. Wazee waliwekeana dau la chupa za ramu juu ya mechi ambayo haikuwapo.

Kwa hesabu, namba tatu ilikuwa ya Chetram Bisnauth. Hakuna mpigaji wa Guyana aliyemkaribia mwaka ule. Lakini baada ya mechi yake ya tatu alikuwa akirudi nyumbani kwa pikipiki, giza limeshaingia, na kwenye barabara ya Corentyne ng'ombe hulala juu ya lami kwa sababu hubaki na joto la mchana. Hakumwona ng'ombe.

Alikuwa mtoto wa pekee wa Mahase.

"Yupo Semple," Mahase mwenyewe alisema mwishowe. Orin Semple, kijana wa Linden, ndiye aliyeingizwa kwenye timu ya Guyana mahali pa Chetram, na tangu aingie alikuwa ameonyesha kwamba hakuja kubahatisha.

"Yupo," Lynwood alikubali, kwa upole. "Na timu huwa ni ya watu wanaoweza kucheza kesho, bhai, ndugu yangu."

"Timu yetu haijawahi kucheza popote, Mwalimu," Waveney alisema. "Inacheza ndani ya kopo. Tangu lini kopo likauliza cheti cha kifo?"

Walibishana kidogo, kwa sauti za chini, wakitumia hoja za kawaida ili kuficha jambo lisilo la kawaida. Lynwood alisema Semple ana haki yake. Waveney alisema haki ni mikimbio, na mikimbio imeandikwa. Mahase aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Alitaka kitu kimoja tu, na alikionea haya: kumsikia mwanawe akipiga mara moja zaidi, hata kama ni kwa mdomo wa Lynwood na kete za mfupa za Waveney.

"Mama yake atasikiliza," alisema.

Ikatosha. Waveney aliandika jina. Semple akawa mtu wa kumi na mbili, yule anayebeba maji.

Nyumba ya Mahase ilisimama juu ya nguzo kama nyumba zote za pale, na uvungu wake ulikuwa na kivuli, bembea ya kamba, na ukuta mmoja ambapo Chetram alizoea kuegemeza magongo yake mapya ya kriketi. Gongo jipya halipelekwi uwanjani hivi hivi. Hugongwa kwa nyundo ya mti, polepole, siku nyingi, mpaka uso wake uzoee kipigo. Tok, tok, tok. Tangu majivu ya Chetram yachukuliwe na maji, Mahase alikuwa akiusikia mlio ule chini ya mbao za sakafu, mchana kweupe, akiwa kwenye cherehani yake. Mara kadhaa aliteremka. Bembea ilikuwa imetulia, gongo la mwisho limeegemea pale pale, nyundo imening'inia kwenye msumari. Hakumuuliza mkewe Sookdai kama naye anausikia. Aliogopa ndiyo, aliogopa na hapana.

Sookdai hakulia msibani. Tangu ibada ya siku ya kumi na tatu alisema maneno ya lazima tu: chumvi, mlango, mvua. Lakini Mahase alipomwambia kwamba Chetram amechaguliwa, alikwenda mwenyewe kuitafuta redio, akaifuta vumbi, akaiweka dirishani.

Alhamisi jioni mfunguaji mmoja alitolewa mapema, na Lynwood akamwingiza namba tatu.

"Bisnauth anashuka ngazi za banda la wachezaji," alisema kwenye kipaza sauti. "Anavuta mkono wa kushoto wa shati, kama kawaida yake."

Mahase alishtuka. Mkono ule wa kushoto aliushona yeye, ukatoka mfupi kidogo, na Chetram alikataa urekebishwe kwa sababu siku ya kwanza ya kulivaa shati lile alipata mikimbio mia. Wateja waliojaa dukani waliacha kuweka glasi chini. Mahase alitia mkono koponi.

Vidole vya fundi cherehani havihitaji macho. Maisha yake yote vilikuwa vimetofautisha pamba na pamba, uzi na uzi, kwa kugusa tu. Nukta za kete zile zilikuwa zimechimbwa kwenye mfupa, na hakuwahi kuzitilia maanani, kwa kuwa hakuwahi kutaka kujua. Sasa chini ya kidole chake ililala kete laini, baridi, yenye mstari mmoja tu katikati. Aliijua kabla hajajua kwamba anaijua. Akaisukuma pembeni, akachukua nyingine.

"Minne!" Lynwood alisema, na duka likapumua.

Ni mara hii moja tu, Mahase alijiambia.

Aliporudi nyumbani Sookdai alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amevaa gauni lake la bluu, mikono magotini.

"Siku imekwisha hajatolewa?" aliuliza.

"Hajatolewa."

"Basi usinisogeze."

Mahase alielewa, akakaribia kucheka. Pwani ile yote ilikuwa na mwiko huo: mtu wako akiwa anapiga vizuri, hubadilishi kiti, hubadilishi nguo. Chetram alipopata mia yake ya kwanza pale uwanja wa Albion, mjomba wake alibaki amesimama kwenye mlango wa friji tangu chakula cha mchana hadi chai, kwa kuwa hapo ndipo alipokuwa wakati mpira mzuri wa kwanza ulipopigwa. Sookdai siku hiyo alikaa na ndara moja mguuni. Walicheka mwaka mzima. Mahase alimletea wali na dali pale pale dirishani, naye akala, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamaliza sahani.

Ijumaa alimkuta kwenye kiti kile kile, gauni lile lile. Kitanda upande wake hakikuwa na alama.

Jioni hiyo wapigaji wengine walianguka mmoja baada ya mwingine. Kwao Mahase aliliachia kopo liamue, na kopo halikuwa na huruma. Lakini kila zamu ya Chetram ilipofika, vidole vyake viliitafuta kwanza kete tupu, vikaikwepa. Chetram akapita mia. Mtu alipiga simu kutoka Linden, na Lynwood akawasimulia wasikilizaji utani wake: watu wa kule wanauliza Semple alipwe mshahara wa mbeba maji au wa mlinzi wa kaburi. Dukani wateja waliinamia glasi zao. Lynwood akakohoa, akaona aibu, na labda ni kwa sababu hiyo akaharakisha kusema jambo lingine.

"Mapumziko ya maji," alisema. "Semple anakuja nayo. Hawa wawili hawajawahi kukutana. Bisnauth anayapokea kwa mikono miwili. Anakunywa mpaka tone la mwisho, kama mtu aliyetoka mbali. Sasa anamwambia Semple kitu, lakini kutoka hapa hatusikii."

Mahase alitoa mkono koponi. Alikumbuka ufuo wa matope, chombo cha shaba, na maji ya kumnywesha marehemu aliyoyamimina kwa mkono wa kulia huku pandit, kasisi wao wa Kihindu, akilitaja jina la mwanawe. Baadaye, redio ilipozimwa, alimuuliza Lynwood kwa nini alisema vile.

"Sijui, bhai," Lynwood alisema. "Nilifungua mdomo, nikakuta maneno yameshafika."

Jumamosi asubuhi kuku, ambao Sookdai ndiye huwafungulia, walikuwa bado bandani, wakilalamika. Miguu ya Sookdai ilikuwa imevimba. Kila alipokwenda uani kwa haja, alirudi mbio mbio na kuweka nyayo zake pale pale, kwenye mbao zile zile. Mahase alimwambia ajinyooshe kitandani walau saa moja, yeye ataikalia nafasi yake.

"Si wewe uliyekuwa umekaa hapa alipoanza kupiga," alijibu.

Mahase alikaa sakafuni karibu naye. Chini ya mbao mlio ukaanza. Tok, tok, tok. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni anayemfahamu.

"Tangu juzi anagonga kwa nguvu zaidi," Sookdai alisema. "Unamsikia?"

"Namsikia."

"Mpigaji ambaye hajatolewa haondoki uwanjani, Baba Chetram. Ndiyo sheria. Hawezi kwenda popote." Alisema hivyo kwa furaha tulivu, kama mama anayeeleza kwamba mtoto amelala. "Na mimi siondoki hapa. Tunashikana hivyo hivyo."

Hapo ndipo Mahase alipoona alichokuwa akifanya. Alidhani anampa mkewe zawadi. Kumbe alikuwa amemfunga kwenye kiti, na mwanawe amemfunga mahali pasipo na kivuli wala mlango, ambapo kila mpira unaorushwa anatakiwa aupige, bila jioni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mzazi naye anaweza kuwa uchungu wa mwana.

Hata hivyo jioni ile hakuweza. Alikwenda dukani akiwa ameazimia, akatia mkono, akaigusa kete tupu, na vidole vikakataa. Chetram akapita mia mbili. Upande wa pili mtu wa tisa alitolewa, na akabaki mmoja tu wa kuingia, mrushaji mrefu wa Trinidad ambaye hata mama yake asingemtegemea kupiga. Wateja walikuwa wamepungua. Waliobaki hawakushangilia tena. Walikunywa wakiwa wameligeuzia kopo mgongo.

Kipindi kilipokwisha Waveney alimwekea chai na akakaa mbele yake.

"Bhai Mahase," alisema, "mkono wako umeanza kuona."

Mahase alikizungusha kikombe.

"Sikulaumu. Kete hizi nimekaa nazo muda mrefu kuliko nilivyokaa na mume wangu. Kete tupu haijawahi kumhurumia mtu hivi." Akampa sukari. "Mwalimu naye anajua. Atakisoma chochote utakachotoa, hata tukikaa hapa mpaka Pasaka. Lakini sauti yake inaisha, na mimi nimeanza kuogopa kufungua duka asubuhi."

"Kesho mtu wa mwisho akitolewa, mchezo unakwisha," Mahase alisema. "Yeye atabaki hajatolewa. Hakuna atakayekuwa amemtoa."

"Ndiyo," Waveney alisema. "Na Sookdai?"

Mahase alilala na wazo hilo, na kulipokucha bado lilikuwa tamu. Ilikuwa njia rahisi. Kumwachia mwanawe uwanja, alama yake haijaguswa, hakuna kidole cha mwamuzi kilichoinuliwa kumtoa. Alipasha maji, akayatia kwenye beseni, akaweka chumvi, akapiga magoti mbele ya kiti ili amkande mkewe miguu. Ilikuwa inang'aa kama biringanya.

"Usiniguse," Sookdai alisema. "Nikiinua mguu atatolewa."

"Leo mchezo unakwisha, Mama Chetram. Akibaki hajatolewa utainuka?"

Alimtazama kama anayemwonea huruma mtu mzito wa kuelewa. "Akibaki hajatolewa, si bado yuko?"

Mahase aliliacha beseni pale pale kando ya kiti, maji yakapoa.

Jumapili watu walirudi dukani, wengi hata kuliko Alhamisi, wakasimama mpaka barabarani. Mrushaji wa Trinidad aliupokea mpira wa kwanza. Mahase aligeuza uso, akachukua kete iliyokuwa juu bila kuipapasa. Mkimbio mmoja. Wapigaji wakabadilishana pande, na Chetram akawa ndiye wa kupokea.

Alitia mkono akiwa anaitafuta kete tupu. Hakuipata.

Siku zote tatu ilikuwa imemjia kila alipoikimbia. Sasa kila alichogusa kilikuwa na nukta: tatu, tano, sita, kama ngozi yenye ndui. Alizungusha mkono mpaka chini. Lynwood alijaza ukimya kwa upepo na mawingu. Hatimaye ilibidi atoe kitu, na ilikuwa minne. Akatia tena. Miwili. Akatia tena, kijasho kikimtoka, vidole vikipita juu ya mifupa yote ile, na hakuna iliyokuwa laini. Minne tena. Mtu mmoja nyuma alianza kuomba dua kwa sauti ya chini.

Hapo Mahase akaelewa kwamba si yeye peke yake aliyeushika mkono ule.

Akaacha kutafuta. Alikilegeza kiganja kikalala juu ya kete, wazi, na moyoni akasema maneno ambayo hospitali hawakumpa nafasi ya kuyasema. Inatosha, beta, mwanangu. Umepiga vizuri. Mama yako amechoka.

Kitu baridi kikaingia kiganjani. Kilikuwa laini, na mstari mmoja katikati.

Alikiweka juu ya kaunta. Waveney aliitazama, akaacha kalamu. Lynwood aliitazama. Redio zote za Corentyne zilikaa bila sauti, na Mahase alijua ni dirisha gani kimya hicho kimefika.

"Mpira umegusa ukingo wa gongo, ukadakwa nyuma," Lynwood alisema mwishowe, sauti imechakaa. "Mguso mdogo sana. Hakuna aliyeusikia. Hakuna aliyeomba atolewe, na mwamuzi hajainua kidole." Akasogea karibu na kipaza sauti. "Lakini yeye anajua. Bisnauth anatembea. Anavua glavu. Anavuta mkono wa kushoto wa shati. Amefika kwenye ngazi za banda sasa. Anapanda. Hageuki."

Dukani waliokuwa wamekaa walisimama. Hakuna aliyepiga makofi. Lynwood alizima kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe, na zamu ya timu ya mwaka uliopita ikaachwa bila kuulizwa.

Mahase alirudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado halijazama, na kuku wake walikuwa nje, wakiparua uani. Alisimama akawatazama kwa muda kabla ya kupanda ngazi.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Gauni la bluu lilikuwa limelowekwa kwenye ndoo. Sookdai alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyuma, nguo nyingine mwilini, miguu yake yote miwili ndani ya beseni la maji ya asubuhi. Uso wake ulikuwa umelowa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika bila sauti. Hakuficha.

Mahase aliketi karibu naye.

"Hakumngoja mwamuzi?" Sookdai aliuliza alipoweza.

"Hakumngoja."

"Ulimfunza hivyo."

"Wewe ndiye uliyemfunza. Mimi nilimshonea tu."

Mahase alipiga magoti, akauchukua mguu mmoja, akaanza kuukanda. Maji yalikuwa baridi kabisa. Chini yao, katikati ya nguzo, hapakuwa na mlio wowote, wala wa kamba ya bembea. Wakausikiliza ukimya huo pamoja. Wakati mmoja mkono wa Mahase ulisita, akainua kichwa kama aliyesikia kitu, na Sookdai akamwekea kiganja begani.

"Hapana," alisema. "Ni kuku."